Hali ya Sarafu Haitoshei Kwenye Nambari Moja

Wanaonijua kwa mambo ya programu hushangaa wakisikia kwamba wikendi zangu nyingi huishia kwenye peni kuukuu za Uingereza. Wakishamaliza kushangaa, swali huwa lile lile: kwa nini usiandike programu ya kupiga picha sarafu, halafu ikwambie iko katika hali gani na ina thamani gani?

Ni swali zuri. Tena limeshajibiwa na watu wengi, maana siku hizi programu za namna hiyo zimejaa kwenye simu. Elekeza kamera, subiri kidogo, pata nambari. Mimi sikubaliani nazo, na leo nataka kueleza sababu. Lakini nitasema mapema kwamba sizilaumu simu. Kosa lilianza zamani, siku wakusanyaji walipokubali kwamba hali ya sarafu inaweza kuandikwa kwa nambari moja tu.

Kwanza tuelewane kwa nini hali ina uzito hivyo. Watu hudhani uadimu ndio kila kitu, na kuna sarafu ambazo kweli ni hivyo. Peni ya Uingereza ya mwaka 1933 ni mfano unaotajwa kila mara. Mwaka huo peni zilizokuwa mikononi mwa watu zilitosha, kwa hiyo Royal Mint ilifua chache mno, baadhi zikiwa za kuwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Zinazojulikana leo ni kama saba. Moja iliibwa mwaka 1970 kutoka chini ya kanisa moja mjini Leeds. Ukiwa na sarafu kama hiyo, hakuna atakayekuuliza imechakaa kiasi gani.

Nyingine karibu zote haziko hivyo. Peni ya mwaka 1912 ilifuliwa zaidi ya milioni 48. Ile iliyozunguka mifukoni hadi Uingereza ilipobadilisha mfumo wake wa fedha mwaka 1971 haina bei ya kutajwa. Lakini ile iliyotoka kiwandani ikawekwa kando, ikabaki na wekundu wake wa mwanzo, hulipiwa makumi ya pauni. Mwaka ni ule ule na mfalme ni yule yule. Tofauti ni hali. Ndiyo maana anayejua kusoma hali hula, na asiyejua huliwa.

Sasa, hali inapimwaje? Waingereza wana madaraja yao ya zamani, na mpaka leo wanayatumia. F ni "nzuri", VF ni "nzuri sana", EF ni "nzuri mno", na UNC ni sarafu ambayo haijawahi kutumika. Usidanganywe na majina, msomaji. Sarafu ya F imechakaa vya kutosha: nywele za mfalme zimelika sana, ingawa sura bado inatambulika. Mkusanyaji huongeza maneno mbele, kama "karibu EF" au "EF bora", na mara nyingi huandika pembeni: "imegongwa vibaya upande wa Britannia", au "kuna mkwaruzo nyuma ya kichwa". Kwa macho ya mtengenezaji wa programu, huo ni mfumo mchafu. Hauna mpangilio, na huwezi kuupanga kutoka mdogo hadi mkubwa bila kubishana. Lakini umebeba habari.

Wamarekani walitaka kitu safi zaidi. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani za miaka ya 1793 hadi 1814, na ndani yake akaweka kipimo cha kuanzia 1 hadi 70. Kwa nini 70, si 100? Kwa sababu nambari ile haikuwa ya hali peke yake. Ilikuwa kanuni ya bei. Sarafu ya 70 ilitakiwa kuuzwa mara 70 ya bei ya sarafu ya 1. Unachukua bei ya msingi, unazidisha kwa daraja, unapata bei ya sokoni. Haikuchukua muda mrefu soko likaenda njia yake na ile hesabu ikafa. Nambari zikabaki.

Ukiwa umewahi kurithi programu ya mtu mwingine, hii hadithi unaijua. Katikati ya msimbo unakuta nambari 70. Aliyeiandika keshaondoka, sababu yake imekufa, lakini hakuna anayethubutu kuifuta kwa sababu kila kitu kimeshaitegemea. Kampuni za PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka 1987 zilianza kufungia sarafu ndani ya plastiki ngumu zikiwa zimeandikwa nambari hiyo, na leo hata peni za Uingereza zinauzwa hivyo. Kati ya 64 na 65 bei inaweza kuruka sana. Na kuna watu ambao kazi yao ni kuvunja plastiki, kuirudisha sarafu ile ile, na kuomba Mungu ipate nambari ya juu zaidi. Wakati mwingine wanaipata! Kipimo kinachotoa majibu mawili kwa kitu kimoja ambacho hakijabadilika, sisi hatukiiti kipimo. Tunakiita maoni.

Sina ugomvi na maoni. Ugomvi wangu ni maoni kuvaa nguo za hesabu.

Tatizo lenyewe ni hili. Hali ya sarafu ina mambo manne yasiyotegemeana: imechakaa kiasi gani, iligongwa kwa nguvu kiasi gani siku ya kwanza, uso wake umeguswa na nini, na rangi yake ikoje. Kwenye hifadhidata, hizo ni safu nne. Ukiziponda ziwe nambari moja huwezi tena kuzitoa. Sarafu isiyotumika lakini imegongwa vibaya, na sarafu iliyogongwa vizuri lakini imetembea kidogo, zinaweza kukaa karibu karibu kwenye kipimo. Mezani hazifanani hata kidogo.

Peni za mfalme George V ni darasa zuri la jambo hili. Kichwa chake, kazi ya mchongaji Bertram Mackennal, kilikuwa kikubwa na muhuri wake ulikuwa na kina. Kipande cha bronzi kilipogongwa, madini mengi yalikimbilia kujaza kichwa, na upande wa pili Britannia akakosa madini ya kumtosha. Ukiangalia peni nyingi za kabla ya mwaka 1928 utaona Britannia ana kifua bapa, na nyuma yake kuna kivuli cha kichwa cha mfalme kama mzimu. Royal Mint ilihangaika na shida hiyo kwa miaka mingi, mpaka ilipokuja kutumia kichwa kidogo zaidi.

Mpe peni kama hiyo mtu asiyejua, au programu iliyofunzwa kuhesabu michoro iliyobaki. Wote watasema imechakaa. Lakini huenda haijawahi kununua hata kipande cha mkate. Utajuaje? Angalia pale palipo bapa. Sarafu iliyochakaa huwa imefifia kwenye sehemu zilizoinuka, na rangi yake pale ni tofauti na ya bondeni. Sarafu iliyogongwa vibaya ina mng'ao hata pale palipo bapa, kwa sababu uso wake wa kiwandani haujaguswa.

Na mng'ao ndio unaoishinda picha. Sarafu mpya ina mistari midogo mno iliyoachwa na madini yakitiririka chini ya muhuri. Ukiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga huzunguka juu yake kama miti ya gurudumu la mkokoteni. Mwanga huo unaonekana kwa mwendo. Picha moja haina mwendo. Nilijaribu jambo hili kwa peni ya mwaka 1936: nikafunga simu isitikisike, nikatumia taa moja ya mezani, na kati ya picha na picha nikasogeza taa peke yake. Picha tano za sarafu moja, na programu ya simu ikanipa madaraja matatu. Iliyopanda na kushuka ni taa.

Halafu kuna usafishaji, ambao huharibu sarafu nyingi kuliko matumizi. Sisi tunajua kusugua sinia la shaba kwa limau na majivu, au kwa ukwaju, mpaka mtu ajione uso wake. Kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu ni msiba, kwa sababu unachokwangua ni ile mistari midogo. Inabaki sarafu inayong'aa kama kifuniko cha sufuria, bila ule mwanga unaozunguka. Mkusanyaji mzoefu huiona mara moja na kuiweka chini. Kwa kamera ya simu, inang'aa, basi ni mpya.

Kinyume chake pia kipo. Kuanzia mwaka 1897, Royal Mint ilikuwa inazitia weusi sarafu za robo peni zikiwa bado kiwandani, ili mtu asizipitishe kama nusu sovereni ya dhahabu, kwa kuwa ukubwa wao ulikaribiana. Robo peni nyeusi ya mwaka 1897 si chafu. Huo weusi ndio upya wake! Mwenye bidii ya usafi akiipata, kwishnei.

Mtaniambia tarakilishi zimekua, na sasa zinajifunza zenyewe. Kweli. Lakini wazo hili ni la zamani kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1990 PCGS ilitangaza mfumo wa kompyuta wa kupima dola za Morgan za Marekani. Haukudumu. Nguvu ya mashine imeongezeka mno tangu wakati huo, lakini swali bado ni lile lile, na jibu bado ni nambari moja.

Kama ningeandika programu ya aina hii, nisingeanza na nambari. Ningeanza na taa. Mwaka 2001 Tom Malzbender wa maabara ya HP alionyesha mbinu ya kupiga picha nyingi za kitu kimoja huku kamera ikiwa imetulia na mwanga ukitoka pande tofauti, kisha tarakilishi inaziunganisha ili mtazamaji asogeze mwanga mwenyewe kwenye skrini. Mwaka 2005 mbinu hiyo ilitumika kuchunguza mtambo wa kale wa Antikythera. Hapo mashine inafanya kazi yake halali: inanipa macho zaidi. Haiamui kwa niaba yangu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Mtu aliye Nairobi anayenunua kutoka London hawezi kuishika sarafu kabla ya kulipa. Plastiki yenye nambari inampa kitu cha kushikilia, hasa kuhusu sarafu bandia. Nakubali. Kwa swali la "ni halisi?", jibu la ndiyo au hapana linatosha, na mtaalamu akilitoa nitamlipa kwa furaha, ingawa hata plastiki zenyewe zimeshaghushiwa. Lakini kwa swali la "iko katika hali gani?", nambari ni mwanzo tu wa mazungumzo. Omba picha mbili au zaidi, taa ikiwa pande tofauti. Omba uzito, maana peni ya bronzi ya baada ya mwaka 1860 ina karibu gramu 9.4. Uliza wazi kama imesafishwa. Muuzaji akikwepa swali hilo, ameshakujibu.

Jambo hili haliko mbali nasi. Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja na kuachia kiti Desemba 1936. Sarafu zenye sura yake hazikupata kutolewa kwa matumizi ya kawaida Uingereza. Ile sovereni yake ya majaribio ya mwaka 1937 iliuzwa kwa pauni milioni moja mwaka 2020. Lakini sarafu zenye jina lake zilitumika huku Afrika Mashariki: senti 5 na senti 10 za mwaka 1936, zenye tundu katikati na pembe za ndovu ubavuni, zilizofuliwa kwa ajili ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Zimo kwenye mikebe ya bibi zetu mpaka leo. Ni nyingi, kwa hiyo haitakutajirisha. Lakini iliyobaki na rangi yake ya kiwandani ni jambo jingine, na wanaozitafuta wapo.

Kwa hiyo ukiikuta, usiisugue. Wala usikimbilie kuipiga picha upewe nambari. Ishike kwa ukingo, iweke chini ya taa, iinamishe taratibu, uone kama mwanga unazunguka. Fanya hivyo kwa sarafu hamsini, na utajua jambo ambalo hakuna nambari itakayokwambia. Wewe unaonaje?