Je, Ni Haki Kuua kwa Ndege Isiyo na Rubani?

Katika mdahalo wa muhula huu hoja iliyoletwa mbele yetu ilisema kwamba ndege za vita zisizo na rubani, yaani droni, zimepunguza ukatili wa vita. Upande uliotetea hoja ulishinda kwa kura nyingi, tena kwa makofi. Mimi sikupata kusema neno, kwa kuwa kengele ya chakula ililia kabla ya zamu yangu. Basi kwa ruhusa ya Mhariri nayaandika hapa niliyotaka kuyanena siku ile.

Kwanza niwape wenzangu haki yao, maana hawakusema upuuzi. Walitukumbusha jinsi vita vilivyokuwa zamani. Usiku mmoja wa mwezi wa Machi 1945 ndege za Marekani ziliuchoma mji wa Tokyo, wakafa watu karibu 100,000. Ukilinganisha na moto ule, kombora moja linaloangukia nyumba moja laonekana kama huruma. Kisha msemaji wao wa pili akauliza: mngependa ndugu zetu askari wafe, na hali mashine ipo ya kufanya kazi yao? Hapo ukumbi ulinyamaza. Mimi ninaye kaka jeshini. Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania zaidi ya kumi waliuawa Semuliki, nchini Kongo, na nyumbani kwetu mama hajaisahau habari ile hata leo. Kwa hiyo swali lile silidharau hata kidogo.

Na mfano wao mkubwa ulikuwa huu. Tarehe 31 Julai 2022, mjini Kabul, nchi ya Afghanistan, droni ya Marekani ilimwua Ayman al-Zawahiri, kiongozi wa Al-Qaeda, akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba aliyokaa. Huyu alikuwa mmoja wa walioshtakiwa na Marekani kwa mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998, yaliyoua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 katika mji wetu wa Dar es Salaam. Maofisa wa Marekani walieleza kwamba walimchungulia kwa miezi mingi, wakajua desturi yake ya kutoka kwenye roshani, na kwamba katika jamaa zake waliokuwamo nyumbani hakuumia hata mmoja. Wenzangu wakasema, je, mwataka usafi gani zaidi ya huo?

Lakini hawakutaja jambo lililotokea katika mji ule ule wa Kabul miezi kumi na moja kabla yake, nami nadhani hatuwezi kulisema la kwanza tukaliacha la pili.

Tarehe 26 Agosti 2021, majeshi ya Marekani yakiwa yanaondoka Afghanistan, mtu mmoja alijilipua langoni pa uwanja wa ndege wa Kabul. Askari 13 wa Marekani waliuawa pamoja na Waafghani wengi mno. Wakubwa wa jeshi wakawa na hofu ya shambulio jingine, na wapelelezi wao walikuwa wamepata habari kwamba gari litakalotumika ni Toyota Corolla nyeupe. Wasomaji, fikirini jambo hilo: Corolla nyeupe katika Kabul ni kama Corolla nyeupe katika Kariakoo! Siku tatu baadaye waliliona gari moja la namna hiyo, wakalifuata kwa droni karibu saa nane mfululizo. Walimwona dereva akisimama hapa na pale, akipakia wenzake na kuwashusha. Walimwona akitia garini vyombo vilivyoonekana vizito, wakasema ni vya mabomu. Jioni, gari lilipoingia uani kwa mwenyewe, wakatupa kombora.

Yule dereva alikuwa mfanyakazi wa miaka mingi wa shirika la misaada la Kimarekani, shirika lenye kazi ya kulisha wenye njaa. Wale waliopanda gari lake walikuwa wafanyakazi wenziwe. Na vile vyombo vizito vilikuwa vya maji. Alijaza ofisini ili apeleke nyumbani, kwa sababu mtaani kwake maji yalikuwa yamekatika. Jamaa zake walieleza kwamba alipofika watoto walimkimbilia kumlaki, kama watoto wanavyofanya kila mahali baba akirudi. Waliuawa watu kumi, na katika hao kumi watoto walikuwa saba.

Mwanzoni tuliambiwa kwamba shambulio lile limezuia msiba mkubwa, na mkuu wa majeshi, Jenerali Mark Milley, aliliita shambulio la haki. Waandishi wa magazeti walikwenda wakauliza majirani, wakatazama picha za kamera za ofisini kwa yule dereva, na tarehe 17 Septemba 2021 jeshi likakiri kwamba lilikosea.

Sasa tazameni. Mji ni mmoja, taifa lirushalo ni moja, na mashine ni za namna moja. Katika habari zote mbili kombora halikukosa. Lilifika pale pale lilipotumwa. Sifa zote tulizozisikia ukumbini, za kamera kali na shabaha nzuri, zilikuwapo siku zote mbili. Kilichokosekana mwaka 2021 ni kitu kisichouzwa pamoja na mashine, nacho ni kumjua mtu unayemtazama. Kamera iliona mzigo mzito, haikuweza kuona kwamba mtaa ule hauna maji. Habari hiyo angeweza kuitoa mtoto yeyote wa jirani, kama angalikuwapo mtu wa kumwuliza.

Ndiyo maana siwezi kukubali neno la wenzangu kwamba umbali huondoa hasira na kuleta akili. Marubani wengi wa droni za Marekani hufanya kazi katika kambi ya Creech, jimbo la Nevada, nusu ya dunia kutoka mahali wanapopapiga. Amri hupita kwa setilaiti. Mtu hukaa kitini mbele ya vioo, akatazama ua wa watu pengine kwa siku nyingi, akaua, kisha akapanda gari lake akaenda kula nyumbani na wanawe. Baadhi yetu hapa shuleni husema kazi hiyo ni kama michezo ya kompyuta. Hao waliopata kuifanya hawasemi hivyo. Wamo waliougua moyo na akili kwa yale waliyoyaona vioo vikiwa mbele yao, na kamera hizo kali ndizo zilizowaonyesha.

Mtu asidhani nashindana na mashine yenyewe. Rwanda tangu mwaka 2016 hupeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na Umoja wa Mataifa ulianza Desemba 2013 kurusha droni zisizo na silaha Kongo ya mashariki ili kuwatazama waasi. Sina neno juu ya hizo.

Tena yafaa tusidhani kwamba hii ni habari ya Wamarekani peke yao, wala ya nchi za mbali tu. Januari 2022 droni ilipiga shule ya Dedebit, katika Tigray ya Ethiopia, iliyokuwa imejaa watu waliokimbia makwao, wakafa zaidi ya 50. Na iko habari ya kijiji cha Tudun Biri, katika jimbo la Kaduna, Nigeria, ambayo kila nikiisoma naona kama ni ya kwetu. Usiku wa Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, watu wa kijiji kile walikuwa wamekusanyika kwa Maulidi ya Mtume. Wenzetu wa pwani na Unguja wanajua mkusanyiko wa namna hiyo ulivyo, wazee, akina mama, na watoto wasiotaka kulala. Jeshi la nchi yao wenyewe lilikuwa likiwatafuta majambazi. Lilitazama kutoka angani, likaona watu wengi pamoja usiku, likadhani ndio hao. Walionusurika walieleza kwamba bomu la pili liliangushwa wakati watu walipokuwa wamekimbilia kuwasaidia waliopigwa na la kwanza. Serikali ilihesabu watu 85 waliozikwa, na wengine walitaja idadi kubwa kuliko hiyo.

Askari mmoja wa miguu aliyesimama ukingoni mwa kijiji kile angesikia qasida. Jambo hili limekaa sana moyoni mwangu. Angejua kwa masikio yake tu, bila kamera ya aina yoyote.

Walakini nitawasifu watu wa Nigeria kwa jambo moja. Mkuu wa jeshi lao alikwenda mwenyewe kijijini akaomba radhi, na Aprili 2024 ilitangazwa kwamba maofisa wawili watapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Kwa wale kumi wa Kabul, Desemba 2021 wakubwa wa Marekani walitangaza kwamba hakuna atakayeadhibiwa. Na jirani zetu Wasomali je? Tarehe 1 Aprili 2018 mwanamke na mtoto waliuawa na shambulio la Marekani la kutoka angani. Jeshi lilikiri mwaka mmoja baadaye, tena baada ya watu wa haki za binadamu kupiga kelele. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilikuwa imetoa hesabu: mashambulio 473 nje ya viwanja vya vita tangu mwaka 2009 hadi mwisho wa 2015, na raia waliouawa kati ya 64 na 116. Waliochunguza kwa njia zao walisema raia ni wengi zaidi sana. Lakini angalau hesabu ilitolewa, watu wakabishana juu yake. Mwaka 2019 Rais Trump aliifuta amri iliyotaka hesabu hiyo itolewe kila mwaka. Mimi naona siku ile lilifanyika baya kuliko kukosea shabaha.

Hapo wenzangu wataniuliza, kama walivyowauliza wasemaji wa upande wetu, kwamba magaidi watakamatwa na nani, na kwa njia gani? Nawajibu kwa mfano wa Dar es Salaam yetu. Mwaka 2001 watu wanne walihukumiwa mjini New York kwa mabomu ya 1998, mmoja wao Mtanzania. Mashahidi waliitwa, wakili wao akasikilizwa, na wazee wa baraza walipokosa kukubaliana juu ya kumwua yule Mtanzania, akapewa kifungo cha maisha. Sisemi kwamba kila gaidi aweza kupelekwa mahakamani. Wako waliojificha mahali pasipo serikali, na huenda kwa mtu kama al-Zawahiri hapakuwa na njia nyingine. Lakini huyo mmoja asifanywe mlango wa kuwapitishia wote. Nchi yoyote itakayonunua droni za silaha, pamoja na yetu ikiwa itazinunua, yapasa iseme mbele ya raia wake kabla ya kuirusha ya kwanza: ni nani atakayetoa ruhusa, ni nani atakayekwenda kuhesabu maiti na kuuliza majina, na ni nani atakayeshtakiwa wakiwa si wao.

Katika darasa letu la Kidato cha Nne wako watano wanaotaka kuingia jeshini baada ya mtihani, na mmoja wao, aliyekuwa msemaji wa pili wa upande ulioshinda, ameniambia waziwazi kwamba kazi atakayoomba ni hiyo ya kurusha droni. Nimempa karatasi niliyonakili habari za Tudun Biri. Ameichukua, na amemwomba Mhariri nafasi ya kunijibu katika toleo la muhula ujao.