Leopards: Kabla ya kumfukuza Desabre, tuhesabu magoli

Goli la Adil Boulbina liliingia dakika ya 119, Jumanne tarehe 6 Januari mjini Rabat, na tangu usiku ule Butembo na Beni hazina mazungumzo mengine. Kwenye vituo vya pikipiki, sokoni, kwenye viwanja vya vyuo vikuu, hata mbele ya kanisa misa ikiisha, swali ni moja: Sébastien Desabre abaki au aende? Algeria 1, Kongo 0. Tumetolewa katika CAN kwenye hatua ya 16 bora, na siku hiyo tumecheza saa mbili nzima bila kufunga.

Kambi ya kwanza inasema kocha ni mwoga. Anapanga timu ya kulinda, anamwacha mshambuliaji mmoja mbele kama mtu aliyesahauliwa kwenye barabara kuu, halafu anashangaa mpira haurudi. Kambi ya pili inajibu kwamba watu wana kumbukumbu fupi. Desabre alipoajiriwa mwezi wa 8 mwaka 2022, Kongo ilikuwa imetoka kukosa CAN nzima, na ilikuwa imefungwa 4-1 na Moroko kule Casablanca katika mchujo wa Kombe la Dunia. Miezi 18 baadaye tulikuwa nusu fainali ya Afrika. Kabla hata ya mwaka 2025 kuisha tulikuwa tumezitoa Kameruni na Nigeria ndani ya siku nne. Mtu kama huyo, wanauliza, ndiye wa kufukuzwa?

Kambi zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi. Sisi tunaomba kitu kimoja: tuache kelele kidogo, tuchukue kalamu.

Tangu mwezi wa 9 mwaka jana hadi Rabat, Leopards wamecheza mechi 10 za mashindano. Wamefunga magoli 15. Ukisikia hivyo tu, utasema safu ya mbele haina ugonjwa. Lakini magoli 4 kati ya hayo yalifungwa dhidi ya Sudan Kusini na 3 dhidi ya Botswana. Zinabaki mechi 8 na magoli 8. Senegal mjini Kinshasa, magoli 2. Kwa zile nyingine saba, Togo, Sudan, Kameruni, Nigeria, Benin, Senegal tena kwenye CAN, kisha Algeria, hatukufunga magoli mawili hata mara moja. Goli moja, goli moja, goli moja, na mwisho sifuri.

Na siyo jambo la mwaka huu. Kwenye CAN iliyochezwa Côte d'Ivoire mwanzoni mwa 2024, ile tunayoisifu, tulicheza mechi 7 na kufunga magoli 6. Matatu kati ya hayo yalikuja siku moja, dhidi ya Guinea, na waliofunga ni mabeki wawili, Mbemba na Masuaku, pamoja na penalti ya Wissa. Zambia sare, Moroko sare, Tanzania sare bila goli. Misri tuliitoa kwa penalti, na aliyepiga ile ya mwisho ni kipa wetu Lionel Mpasi. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka, na ilikuwa haki yetu. Lakini timu ambayo furaha yake kubwa inaletwa na kipa na mabeki inatuambia kitu juu ya washambuliaji wake.

Butembo ni mji wa wafanya biashara, na mfanya biashara ataelewa haraka. Yuko mtu anayejua kulinda mtaji. Haibiwi, hakopeshi ovyo, hapotezi. Mwisho wa mwaka mtaji uko palepale, na watoto wanauliza faida iko wapi. Desabre ametufundisha kulinda mtaji, na kwa nchi iliyozoea kupoteza mtaji kila mwaka hilo halikuwa jambo dogo: katika mechi 10 za kundi la Kombe la Dunia tulifungwa magoli 6 tu, na matatu kati ya hayo ni ya siku moja. Faida ndiyo bado.

Siku hiyo moja inastahili kusemwa, maana hapo ndipo hoja ya wanaomlaumu kocha ina nguvu kuliko pengine popote. Tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2025, Stade des Martyrs, Bakambu na Wissa wametupa 2-0 dhidi ya Senegal kabla ya dakika ya 35. Tiketi ya moja kwa moja ya Kombe la Dunia ilikuwa mkononi. Timu ikarudi nyuma, ikaanza kungoja filimbi ya mwisho kama mtu anayengoja mvua ipite. Senegal wakarudisha moja, wakarudisha la pili, na dakika ya 87 wakapata la tatu. Tulimaliza kundi na pointi 22, wao 24. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Kama kocha ana deni kwa wananchi, liko kwenye mechi ile zaidi ya Rabat. Kufungwa na Algeria dakika ya 119 kunaweza kumpata kocha yeyote. Kupoteza uongozi wa magoli mawili nyumbani kunahitaji maelezo.

Sasa tuwe wa haki kwa upande mwingine. Wissa aliumia goti katika mechi hiyohiyo ya Kinshasa na hakuonekana Moroko. Yeye ndiye mchezaji wetu anayeweza kupokea mpira na kumpita beki bila kungoja msaada wa mtu. Ukimtoa, timu yoyote inabaki maskini. Tena kuna tabia mbaya imeingia mitaani ya kumtukana Cédric Bakambu. Ana miaka 34, ndiyo. Lakini ni yeye aliyefunga Lomé dhidi ya Togo, ni yeye aliyefunga dhidi ya Senegal Kinshasa, na ni yeye tena aliyefunga dhidi ya Senegal kwenye CAN. Anayemtukana atuambie kwanza nani mwingine amefunga magoli mazito kuliko hayo.

Jibu linalokuja haraka, hasa kwa sisi wa mashariki, ni Fiston Mayele. Tulimfuata tangu akiwa Yanga kule Dar es Salaam, na watoto wa hapa walijifunza kutetema kabla ya kujifunza jina lake kamili. Mwaka jana alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa ya Afrika akiwa na Pyramids ya Misri, na akachukua kombe lenyewe. Katika Leopards mara nyingi anaanza akiwa kwenye benchi. Mwezi wa 6 mwaka 2024, tukiwa nyuma Dakar, aliingia akasawazisha dakika ya 85. Hatusemi Mayele ndiye dawa ya kila ugonjwa. Tunasema mtu anayefunga hivyo katika mashindano makubwa ya Afrika, dhidi ya mabeki walewale tunaokutana nao, anastahili mechi mbili tatu za kuanza pamoja na Bakambu, washambuliaji wawili kwa pamoja, kabla hatujaambiwa kwamba mpango huo hauwezekani. Hapo Desabre ametunyima jibu, na waandishi wa Kinshasa wanaokaa naye kwenye mikutano wangemuuliza hilo badala ya kumuuliza anajisikiaje.

Kuna hoja moja tunayoikataa kabisa. Wapo wanaosema timu haifungi kwa sababu imejaa vijana waliozaliwa Ulaya, wasioijua nchi. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wachezaji wote walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanaongelea mauaji ya huku kwetu mbele ya dunia. Waliozaliwa Kinshasa na waliozaliwa Ulaya walifanya ishara ileile. Mtu wa Beni anayemwita Wan-Bissaka au Tuanzebe mgeni avute pumzi kwanza.

Uhaba wa wafungaji una mizizi mingine, na kocha hakuipanda. Mshambuliaji hutengenezwa kwa kucheza kila wiki miaka mingi. Msimu wa Linafoot wa 2022-2023 ulisimamishwa bila kupata bingwa. Kijana wa Butembo anayefunga kila siku ya mungu kwenye uwanja wa Matokeo atapanda ngazi gani, wakati ligi yenyewe haina uhakika wa kesho na vita vimekata barabara na uwanja wa ndege wa Goma? Wale wanaofaulu wanakwenda Tanzania. Mayele alipita huko, Maxi Nzengeli yuko Yanga, Elie Mpanzu yuko Simba. Ni vizuri kwao. Lakini nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 haiwezi kuendelea kutegemea jirani amkomalie mfungaji wake. FECOFA na wizara ya michezo ndio wa kuulizwa hapo, na ajabu ni kwamba katika ubishi wote wa wiki hizi mbili hatujasikia mtu akidai wao waende.

Pengine kuna sababu. Huku kwetu, tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na watu wamejifunza kupima maneno juu ya viongozi. Kocha ni mkubwa pekee ambaye kila mtu anaweza kumhukumu kwa sauti bila kuangalia nyuma.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: Desabre abaki. Mechi ya maisha iko tarehe 31 mwezi wa 3, Guadalajara, Meksiko, dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia, na anayeshinda anaingia kundi moja na Ureno, Kolombia na Uzbekistan. Kumleta kocha mpya sasa, asiyemjua hata mpishi wa timu, ni kucheza kamari na kitu tulichokingoja miaka 52. Mara ya mwisho, mwaka 1974, tulikwenda Ujerumani na Ndaye Mulamba, aliyekuwa amefunga magoli 9 katika CAN moja, rekodi ambayo hakuna aliyeivunja hadi leo. Tukacheza mechi tatu, tukafungwa 14, hatukufunga hata moja. Kongo haijawahi kufunga goli katika Kombe la Dunia.

Lakini abaki akijua kwamba Guadalajara haifanani na Rabat. Dhidi ya Nigeria, Senegal na Algeria tuliweza kukaa nyuma na kungoja kosa lao. Jamaica au New Caledonia hawatakuja kutushambulia. Wao ndio watakaokaa nyuma na kungoja kosa letu. Safari hii sisi ndio tutakaopaswa kuufungua mlango, na kati ya leo na siku hiyo kocha hatakuwa na wachezaji wake ila siku chache za mwisho wa mwezi wa 3. Orodha yake ya washambuliaji ndiyo itakayotuambia kama amesikia.