MASHAURI KWA WAVUVI: Ufito wa Kumvulia Besi kwa Chura wa Mpira

Wasomaji wapendao kuvua kwa mshipi siku za mapumziko hutaka kujua ni ufito gani unaofaa kununuliwa. Jibu lake hutegemea samaki atakiwaye, chambo kitumiwacho, na zaidi ya yote mahali anapokaa samaki mwenyewe. Juma hili twaeleza habari ya ufito wa aina moja tu, yaani ule wa kumvulia samaki aitwaye besi kwa chambo cha chura wa mpira. Ufito wa namna hii haupatikani kwa senti chache, na mtu akiuchagua vibaya aweza kupoteza fedha, chambo na samaki kwa siku moja.

Besi wa kinywa kikubwa asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na Wamarekani humpenda sana kwa ukali wake. Huku kwetu aliletwa katika ziwa la Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Samaki huyu hapendi kuzunguka kutafuta chakula. Hujificha chini ya majani ya yungiyungi, magugu na mafunjo, akingojea kitakachopita juu yake. Chura akiogelea hapo, maji hupasuka ghafula, na chura haonekani tena.

Wavuvi wa Marekani waliitazama desturi hiyo, ndipo wakamtengeneza chura wa mpira mwenye tumbo tupu. Ndoana zake mbili huelekea juu na kulala kando ya mgongo wake, hata aweza kukokotwa juu ya magugu bila kunasa. Samaki akimwuma, mpira hubonyea na ndoana hutokeza. Basi taabu huanzia hapo. Chura hufika mahali ambapo chambo kingine hakifiki, lakini samaki akishanaswa hana budi kutolewa mahali palepale. Besi wa ratili 4 huuzungushia mshipi mashina ya magugu, na mvuvi hujikuta anavuta samaki pamoja na shamba zima la majani.

Kwa sababu hiyo ufito wa kazi hii lazima uwe na tabia mbili zisizopatana. Ncha yake iwe laini kidogo, ipate kumtupa chura, ambaye uzito wake ni yapata nusu aunsi, na kumchezesha kushoto na kulia juu ya maji. Lakini kutoka katikati mpaka mpinini ufito uwe mgumu. Ulio laini wote hupinda tu mvuvi avutapo, na ndoana haiingii. Ulio mgumu mpaka nchani hautupi mbali, na chura wake hukokoteka kama kigogo.

Urefu ufaao ni futi 7 hadi futi 7 na nusu. Ufito mrefu hukusanya mshipi mwingi kwa mkupuo mmoja na humwinua samaki kichwa kabla hajazama. Lakini mtu mfupi asichukue mrefu kupita kiasi. Wakati wa kumchezesha chura, ncha huelekezwa chini, na ikiwa yagusa maji kila mara, ufito huo si wake.

Dukani usitazame rangi. Soma maandishi yaliyo karibu na mpini. Neno "Heavy" maana yake ni ufito wenye nguvu nyingi, na "Medium Heavy" ni ule ulio chini yake kidogo. Wote wawili hufaa. Neno "Fast" maana yake ni kwamba ufito hupinda karibu na ncha tu. Hata hivyo usiyaamini maandishi peke yake. Pitisha mshipi katika pete zote, mwombe mwenye duka aushike mwisho wake, kisha inua polepole. Sehemu ya juu ipinde, na sehemu ya chini ikatae. Halafu pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete hiyo ina ufa, na ufa huo utakata mshipi.

Ufito mwema wahitaji mshipi unaolingana nao. Nailoni haifai, kwa kuwa hunyumbuka. Chukua mshipi uliosukwa, wenye nguvu ya ratili 50 hadi 65. Mtu asicheke akisema kwamba hakuna besi wa uzito huo: nguvu hiyo ni kwa ajili ya magugu. Mshipi mwembamba ukikatika, samaki huenda zake na ndoana kinywani, na huo si uvuvi bali ni kumtesa kiumbe bure. Kigurudumu nacho kiwe cha mbio, kizungukacho yapata mara 7 kwa kila mzunguko mmoja wa mkono.

Maji yakipasuka, usivute papo hapo. Ngoja mpaka uusikie uzito wa samaki mkononi, ndipo uvute kwa nguvu na kuendelea kuzungusha bila kumpa nafasi. Wengi humkosa besi kwa pupa, kisha huulaumu ufito.

Kwa wale wa Naivasha twaongeza maneno mawili. Kwanza, hakikisheni mna leseni ya kuvua. Pili, chura hufaa hasa alfajiri na jioni, na saa hizo ndizo viboko hutoka majini kwenda malishoni au kurudi. Wanyama hawa wameua watu wengi pwani ya ziwa hilo. Usisimame kamwe katika njia yao iendayo majini, wala usiingie ndani ya mafunjo kufungua mshipi ulionasa. Ukate mshipi, uende nyumbani mzima.

Wala mtu asidhani kwamba lazima awe na fito nyingi. Tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, mkulima aitwaye George Perry alizuiwa na mvua kulima shamba lake, akaenda kuvua na mwenzake. Walikuwa na ufito mmoja tu kati yao wawili. Siku hiyo Perry alipata besi wa ratili 22 na aunsi 4, ambaye aliliwa nyumbani kwao. Hakutumia chura, lakini uzito huo haukufikiwa na mtu mpaka mwaka 2009, Manabu Kurita alipompata besi aliyelingana naye katika ziwa la Biwa huko Japani.

Basi nunua ufito mmoja, uujaribu vema kabla ya kutoa fedha, na uutunze. Rahisi ni ghali, na ghali isiyofaa kazi ni hasara mara mbili.