Urithi wa Kibombo: orodha ianze kijijini, si Tervuren

Mwaka 1311, wakaaji wa mji wa Siena, Italia, walifunga maduka na kuandamana wakipeleka kwenye kanisa kuu ubao mkubwa wa Bikira Maria uliochorwa na Duccio. Mwaka 1771 ubao huo ulikatwa kwa msumeno. Vipande vyake vingine leo viko London, Madrid, New York na Washington. Mwaka 2025, maonyesho ya London yalikutanisha tena vipande vya sehemu yake ya chini. Haikuwa kazi ngumu kujua kipi kinafuata kipi, kwani kila kipande kinaonyesha tukio la Injili ambalo watu bado wanalisoma.

Wakaaji wa Kibombo, jimboni Maniema, wana sababu ya kufikiri juu ya jambo hilo. Sanamu za mbao za Wakusu ziko pia katika makumbusho ya Ulaya. Mara nyingi kikaratasi kilicho chini ya sanamu kinataja kabila na eneo tu. Hakisemi ilitoka kijiji gani, ilikuwa ya ukoo gani, wala ilitolewa nje siku gani. Hicho nacho ni kipande kilichokatwa, tena hadithi yake haijaandikwa popote.

Mwaka 2022, Ubelgiji iliipa serikali ya Kongo orodha ya vitu zaidi ya 80,000 vilivyoko Tervuren. Mwaka huohuo ilipitisha sheria inayoruhusu kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo halali kati ya 1885 na 1960. Lakini sheria hiyo inataka uchunguzi: nani alichukua, wapi, kwa njia gani. Karatasi za wakoloni zitatoa jibu la upande mmoja. Jibu la upande wa pili liko kwa wazee wa Kibombo, na wazee hawangoji tume.

Kuna watakaosema kwamba barabara, hospitali na mishahara ya walimu vinatangulia sanamu. Ni kweli. Lakini kuandika hakuombi bajeti kubwa. Mwalimu mmoja na wanafunzi wake, wakiwa na daftari na simu, wanaweza kumsikiliza mzee jioni moja, wakaandika majina ya vitu, kazi zake na habari za vile vilivyoondoka. Viongozi wa kimila waitie sahihi kazi hiyo, nakala moja ibaki kijijini na nyingine ipelekwe Kindu.

Orodha hiyo ingekuwa pia ulinzi. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilirudisha vitu 114 Kinshasa; baadaye baadhi vilipotea na vikaonekana kwenye soko la wauza sanaa. Kitu kisicho na picha wala jina ni rahisi kuibwa, kwa sababu hakuna anayeweza kukidai.

Na siku vitu vitakaporudi, Kinshasa isiwe mwisho wa safari. Makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019 ni jambo zuri, ila mtoto wa Kibombo atayafikia lini? Wabunge wa jimbo waanze kudai nyumba ya urithi mjini Kindu, ambako angalau reli inafika. Siena ilibaki na sehemu kubwa ya ubao wake. Kibombo nayo isibaki na kumbukumbu tupu, na hata hiyo kumbukumbu ikazikwa pamoja na wazee.