Tamko la Watu Wanaoishi na Kisukari: Janga Likija Tena, Dawa Yetu Isifungiwe Njia

Sisi wanachama tunaoishi na kisukari katika Pwani ya Kenya tunatoa tamko hili kwa Serikali ya Kitaifa, serikali za kaunti na wananchi wote.

Korona ilitupiga mara mbili. Kwanza ilitupiga mwilini. Mwili unapopambana na maambukizi sukari hupanda, hata kwa aliyekosa hamu ya kula, nayo sukari iliyopanda hudhoofisha kinga. Mnamo Novemba 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa asilimia 18.3 ya vifo vya korona barani Afrika vilikuwa vya watu wenye kisukari.

Pili ilitupiga njiani. Kafyu ilianza Machi 27, 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 8 safari za kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale zikapigwa marufuku. Mwenzetu asiye na friji, anayehifadhi insulini kwenye mtungi, alikuwa akiinua chupa kwenye mwanga kila asubuhi kuangalia imebaki kiasi gani. Wapo waliopunguza dozi ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, siku chache tu zatosha kumuua.

Kwa hiyo tunataka:

1. Kila mpango wa dharura ya afya ukitaje kisukari waziwazi, na insulini, vidonge na vijiti vya kupimia sukari viwe bidhaa za lazima.

2. Janga likitangazwa, mgonjwa apewe vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja, na insulini ihifadhiwe katika zahanati iliyo karibu naye.

3. Kadi ya kliniki iwe kibali cha kupita vizuizini, usiku na mchana.

4. Chanjo ikifika, wenye kisukari wawe miongoni mwa watakaotangulizwa.

Kwenu wenzetu: ukiugua, usiache insulini hata kama huli. Pima sukari mara kwa mara, kunywa maji, na umwone mhudumu wa afya mapema.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, na wapo wenzetu ambao hawakuiona siku hiyo. Kwa ajili yao tunaomba mpango huu uandikwe sasa, kabla janga jingine halijabisha hodi.

Limetolewa Mombasa na Kamati Kuu, kwa niaba ya wanachama wote.