Mtoto Anapojifunza Kuchora Nyumbani

Wazazi wanaofundisha watoto wao wenyewe nyumbani hutuuliza: tuchague mafundisho gani ya kuchora kwa mtoto wa miaka mitano au sita? Wengi hupenda kitabu chenye picha za kufuatisha, kwani kazi huonekana safi upesi. Sisi hatukipendi sana. Mtoto huiga mkono wa mtu mwingine, na ndege wa uani kwake hamtazami kamwe.

Tukumbuke Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua huko karakana ya wachoraji, iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakuwapa wanafunzi wake picha za Ulaya waziige. Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari midogo midogo. Mwalimu alikuwa mmoja, wala hakuna aliyefanana na mwenzake. Nao walikuwa watu wazima!

Basi, chagueni mafundisho yanayomwuliza mtoto ameona nini. Karatasi, makaa na udongo vyatosha kwa kuanza. Naye akichora mbuzi mwenye miguu mitano, baba asishike kalamu kumsahihisha. Ampeleke kwa mbuzi mwenyewe, wahesabu miguu pamoja.