Kinyonga wa Shambani Asituhadae

Kila msimu wa mvua uwadiapo hapa Kuresoi, vinyonga huonekana katika nyua za mashamba na za shule. Wanafunzi hupiga mayowe, na aliye jasiri huokota jiwe. Mara nyingi nimewaeleza kwamba kinyonga hana sumu. Lakini leo nawatahadharisha walimu wenzangu juu ya kosa jingine: kudhani kwamba, maadamu kinyonga yupo shambani, basi viumbe wote wa msituni wako salama.

Kinyonga huyu tumwonaye, ambaye wataalamu humwita Trioceros hoehnelii, huzaa watoto badala ya kutaga mayai, na huweza kuishi vichakani hata miti mikubwa ikikatwa. Sivyo alivyo jamaa yake wa Mlima Kenya, Kinyongia excubitor, anayetegemea msitu wa asili wa mlimani. Huyo amekwisha kuorodheshwa na shirika la uhifadhi la IUCN miongoni mwa spishi zilizo hatarini. Jina Kinyongia lenyewe lilibuniwa mwaka 2006 kutokana na neno letu la Kiswahili. Itakuwa aibu iwapo neno litadumu na mwenye jina akatoweka.

Huenda mtu akauliza: ya Mlima Kenya yatuhusu nini sisi wa Mau? Yatuhusu sana. Mwaka 2001 zaidi ya hektari 60,000 za msitu wetu ziliondolewa katika hifadhi. Tangu hapo tumeililia mito, Molo, Njoro, Mara na Sondu, na ni haki kuililia. Hata hivyo, mkulima akikosa maji atapaza sauti. Kiumbe wa matawini hana wa kumsemea. Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo.

Basi tusiridhike kuhesabu miche tu. Shamba la mikaratusi iliyopangwa safu safu ni miti, wala si msitu. Shule zetu na zipande mierezi, mizeituni ya mwitu na mianzi, miti iliyozoeleka hapa tangu zamani. Kisha tuwapeleke wanafunzi ukingoni mwa Mau, daftari mkononi, waandike waliyoyaona juu ya matawi. Mtoto aliyekwisha kuandika habari za kinyonga hatamrushia jiwe, na siku atakapokabidhiwa kalamu ya kugawa misitu, atasita.